Wagonjwa wa GP ni akina nani? Njia nne za kukadiria, tatu kwa sensa na moja bila sensa

Ukitaka kujua wagonjwa wa kituo fulani cha GP, yaani daktari wa familia, huko England ni wa asili gani, wana hali gani ya maisha, au wangapi hawajui Kiingereza vizuri, hupati jibu lililo tayari. NHS, huduma ya afya ya taifa, hutangaza hadharani idadi ya waliosajiliwa katika kila kituo, pamoja na umri na jinsia zao. Asili, lugha, elimu na aina ya nyumba vimo kwenye sensa, ila sensa humhesabu mtu nyumbani kwake na wala haimuulizi daktari wake ni nani. Karibu makadirio yote tunayoyazungumzia hapa ni jitihada za kuunganisha orodha hizi mbili ambazo hazikutengenezwa zikutane.

Wanaokwama katika uchaguzi huu ni wengi: afisa wa afya ya jamii katika halmashauri, meneja wa kituo anayeandaa ombi la fedha, mwanafunzi wa shahada ya pili, hata chama cha Wasomali au Wakenya kinachotaka kujua vipeperushi vyake vipelekwe wapi. Kwa wote hao kuna onyo moja la kuanzia: umri na jinsia usivikadirie. Vipo, vimehesabiwa, na vinatolewa upya kila mwezi. Anayevichukua kutoka kwenye sensa anaacha hesabu ya kweli na kushika ya kubahatisha.

Kuhusu maneno: sensa ya England na Wales ya tarehe 21 Machi 2021 inagawa nchi katika vitengo vidogo viitwavyo LSOA, kila kimoja kikiwa na watu kati ya 1,000 na 3,000. England ina vitengo 33,755. Hapa tutaviita mitaa. Scotland ilifanya sensa yake mwaka 2022 na ina vitengo vyake, kwa hiyo usichanganye majedwali.

Vigezo vya kulinganisha

Tutaipima kila njia kwa mambo manne: inahitaji nini, inafanywaje, inakosea wapi na kwa sababu gani, na inamfaa nani. Tutatumia pia kituo kimoja cha kubuni, chenye wagonjwa 9,000, na ili hesabu iwe nyepesi mitaa yake tumeifanya mikubwa kuliko LSOA halisi. Kati yao, 4,000 wanaishi mtaa A, ambako sensa inasema asilimia 60 ni Waasia. 3,000 wanaishi mtaa B, asilimia 30. Na 2,000 wanaishi mtaa C, asilimia 10. Jengo lenyewe limesimama mtaa C. Jirani upo mtaa D, asilimia 20, ambao wakazi wake wamesajiliwa kwingine.

Njia ya kwanza: postikodi ya kituo

Inahitaji nini. Postikodi ya kituo, faili la bure la ofisi ya takwimu ya taifa, ONS, linaloonyesha kila postikodi iko mtaa gani, na jedwali moja la sensa. Kwa asili za watu jedwali ni TS021, linapakuliwa kwenye tovuti ya Nomis.

Inafanywaje. Tafuta mtaa wa kituo, soma asilimia, basi. Dakika kumi zinatosha.

Inakosea wapi. Karibu kila mahali ambapo jengo la daktari halifanani na makazi ya watu wake. Kwa kituo chetu cha kubuni jibu ni asilimia 10, na utaona punde jinsi lilivyo mbali na mengine. Vituo vingi viko kwenye barabara kuu ya maduka, au kwenye jengo jipya la afya pembeni mwa mji palipopatikana kiwanja, na mtaa unaozunguka jengo hilo unaweza kuwa wa ofisi na vyumba vya wapangaji vijana. Tena kituo chenye matawi matatu husajiliwa kwa postikodi ya tawi kuu tu. Vituo vilivyoungana vikabaki na msimbo mmoja ndivyo vibaya zaidi: makumi ya maelfu ya wagonjwa, pengine wa pande mbili za jiji, wanapewa sura ya mtaa mmoja.

Inamfaa nani. Mwenye vituo vya vijijini ambako mji mdogo una kituo kimoja na kila mtu anakwenda hapo. Inamfaa pia anayeshughulikia vituo 6,000 na zaidi vya nchi nzima kwa pamoja na kutaka mwelekeo wa jumla tu. Kwa kituo kimoja cha London au Birmingham, usiitumie hata kwa rasimu, kwani namba ikishaandikwa kwenye ripoti huwa haifutiki.

Njia ya pili: kuchora eneo

Inahitaji nini. Programu ya ramani (QGIS ni ya bure na inatosha), mipaka ya mitaa kutoka ONS, na ama mpaka rasmi wa kituo au nusu kipenyo unachokichagua mwenyewe.

Inafanywaje. Ukitumia duara, mita 800 ni kama dakika kumi kwa miguu na hutumika sana mjini. Vijijini duara la kilomita tano bado linaweza kuwa dogo. Mitaa itakatwa vipande na duara, kwa hiyo amua mapema utakavyoihesabu. Njia isiyo na ugomvi ni kutumia vitovu vya wakazi, yaani nukta ambazo ONS imeziweka pale wanapoishi watu wengi wa mtaa husika: kitovu kikiwa ndani ya duara, mtaa wote unaingia, kikiwa nje, wote unatoka. Kugawa kwa ukubwa wa ardhi kunaharibu hesabu panapokuwa na bustani kubwa au uwanja wa ndege.

Ukitumia mpaka rasmi, kumbuka vituo vingi vina mipaka miwili: wa ndani, wanakosajiliwa wagonjwa wapya, na wa nje, ambamo mgonjwa aliyehama kidogo huruhusiwa kubaki na daktari wake.

Inakosea wapi. Eneo lililochorwa linaonyesha nani angeweza kuja, wala halisemi nani amekuja. Katika mfano wetu duara likichukua mitaa yote minne kwa idadi ya watu inayokaribiana, jibu ni asilimia 30: mtaa D umehesabiwa ingawa haupeleki mtu, na mtaa A, unaotoa karibu nusu ya wagonjwa, umepewa robo tu ya kura. Mjini mipaka ya vituo vitano au sita hulaliana, na vyote vinatoka na sura ileile. Kisha tangu Januari 2015 vituo vinaruhusiwa kumsajili mtu anayeishi nje kabisa ya mpaka wao bila wajibu wa kumtembelea nyumbani. Kituo cha kidijitali cha GP at Hand kilianzia Fulham na kikasajili vijana wa London nzima. Duara lolote lililochorwa Fulham lisingekwambia lolote juu yao.

Inamfaa nani. Anayepanga kituo ambacho hakijajengwa, kwa sababu hakuna orodha ya kupima. Inamfaa pia anayeuliza swali la haki: je, watu walio ndani ya mpaka ndio wanaosajiliwa, au kuna kundi linaloachwa nje? Kwa swali hilo unaihitaji njia hii pamoja na ya nne, kisha uzilinganishe.

Njia ya tatu: wastani wenye uzito wa mitaa ya wagonjwa

Hii ndiyo njia ya kawaida ya watu wa fani, na ndiyo inayostahili maelezo marefu.

Inahitaji nini. Faili la NHS la wagonjwa waliosajiliwa kwa kila kituo na kila mtaa, linalotoka mara nne kwa mwaka: Januari, Aprili, Julai na Oktoba. Na jedwali lako la sensa katika ngazi hiyohiyo ya mtaa.

Inafanywaje. Chuja faili libaki na msimbo wa kituo chako, wenye herufi moja na tarakimu tano. Utapata orodha ya mitaa na idadi ya wagonjwa katika kila mmoja. Unganisha na sensa kwa msimbo wa mtaa, unaoanza na E01. Zidisha idadi ya wagonjwa wa kila mtaa kwa uwiano wa kundi unalolitafuta, jumlisha, gawa kwa jumla ya wagonjwa waliounganishwa. Kituo chetu: 4,000 mara 0.60 ni 2,400. 3,000 mara 0.30 ni 900. 2,000 mara 0.10 ni 200. Jumla 3,500 kati ya 9,000, karibu asilimia 39. Kituo kilekile, njia tatu: 10, 30, 39.

Kabla ya kuunganisha, hakikisha mafaili yote mawili yanatumia mitaa ya mwaka mmoja. Mitaa ya 2011 na ya 2021 si ileile: mingi haikubadilika, mingine ilipasuliwa, mingine iliunganishwa. ONS ina jedwali la kubadilishia, lenye herufi U kwa usiobadilika, S kwa uliopasuliwa, M kwa uliounganishwa na X kwa uliovurugika. Kosa hili halipigi kelele. Excel haitalalamika, mitaa isiyopata mwenzake itaachwa tupu, na kwa kuwa mitaa iliyopasuliwa ni ile iliyoongezeka watu, yaani yenye majengo mapya, unapoteza wakazi wapya na kubaki na wa zamani. Baada ya kuunganisha, hesabu wagonjwa waliobaki. Ikiwa orodha ina 9,000 na wewe una 8,300, simama utafute 700 walikokwenda.

Mkia wa orodha nao una mambo yake. Kituo cha mjini kinaweza kuwa na mitaa mia kadhaa yenye mgonjwa mmoja au wawili. Wengi wao ni watu waliohama wakang'ang'ania daktari wao, na ndio wanaofanana kwa uchache zaidi na majirani zao wapya. Waache kwenye hesabu, hawaibadilishi sana, lakini angalia mitaa 20 ya kwanza inabeba sehemu gani ya orodha. Ikibeba sehemu kubwa, makadirio yana mizizi. Ikibeba nusu tu, kituo hicho hakina mtaa, na sensa haina cha kukusaidia.

Ukitaka faharasa ya ufukara, IMD, badala ya asili, hesabu ni ileile, ila chukua wastani wa alama, kamwe usichukue wastani wa nafasi au wa madaraja kumi. Toleo la 2019 limejengwa juu ya mitaa ya 2011, la 2025 juu ya mitaa ya 2021. Na kwa kuwa IMD yenyewe ina kipengele cha afya ndani yake, anayeitumia kueleza kwa nini wagonjwa wa kituo ni wagonjwa sana anazunguka duara.

Inakosea wapi. Kwanza, inadhani wagonjwa wa kituo katika mtaa fulani ni sampuli ya kawaida ya mtaa huo. Sivyo watu wanavyochagua daktari. Chukua vituo viwili vinavyotazamana barabarani huko Leicester, mji wenye familia nyingi za Kigujarati zilizotoka Kenya, Uganda na Tanzania. Kimoja kina daktari anayezungumza Kigujarati, kingine hakina. Mitaa yao ni ileile, basi makadirio yao ni yaleyale, hata kama kimoja kinapata Waasia mara mbili ya mwenzake. Hakuna namna ya kulirekebisha hili kwa kuongeza majedwali ya sensa, kwa sababu tofauti inayotafutwa haimo kwenye sensa.

Pili, umri. Ndani ya mtaa mmoja watoto na wazee wanaweza kuwa na sura tofauti kabisa za asili, na kituo chenye wazee wengi hakipaswi kupewa uwiano wa mtaa mzima. Marekebisho yapo, kwa kutumia majedwali ya sensa yanayovuka asili na umri, lakini faili la mitaa linalotangazwa lina jinsia tu, halina umri kwa kila mtaa. Hapo utalazimika kudhani mgawanyo wa umri ni mmoja katika mitaa yote ya kituo, au kuomba data ya ndani.

Tatu, wagonjwa hewa. Sensa ya 2021 ilihesabu watu milioni 56.5 England, ilhali orodha za GP wakati huo zilikuwa na zaidi ya milioni 60. Waliohama nchi au kusajiliwa mara mbili hubaki muda mrefu, hasa kwenye miji ya wanafunzi na wahamiaji. Andika asilimia, ukiandika idadi ya vichwa umeongeza chumvi bila kukusudia.

Nne, sensa yenyewe. Ilifanyika wakati wa masharti ya korona, na hesabu ndogo kwenye majedwali hubadilishwa kidogo kwa makusudi ili mtu asitambulike. Mtaa unaoonyesha watu 3 wa kundi fulani unaweza kuwa na 2 au 5. Usijenge hoja juu ya visanduku hivyo.

Kuna jaribio moja rahisi ambalo wengi hulisahau. Itumie njia hii kukadiria kitu ambacho tayari unakijua: uwiano wa wenye umri wa miaka 18 hadi 24, na wa waliovuka 65. Kisha linganisha na orodha halisi. Sensa ikisema vijana ni asilimia 12 na orodha ikasema 41, umekutana na kituo cha wanafunzi, na makadirio yako ya asili nayo hayafai. Zikikaribiana, hujathibitisha kitu, lakini una sababu ya kuendelea.

Inamfaa nani. Anayelinganisha vituo vingi vya eneo moja bila ruhusa ya kuona kumbukumbu za wagonjwa. Asiyetaka kuhesabu mwenyewe ataikuta imeshafanywa kwenye Fingertips, tovuti ya serikali ya viashiria vya afya ya jamii, ambako wasifu wa vituo vya GP una makadirio ya asili na alama ya ufukara. Angalia tu ni sensa ya mwaka gani iliyotumika.

Kwa nini mitaa midogo na si kata nzima? Jibu lipo kwenye historia. Mkataba wa madaktari wa 1990 ulilipa nyongeza kwa kila mgonjwa anayeishi kwenye kata yenye alama ya Jarman ya 30 na kuendelea, alama iliyotungwa kwa vipengele vinane vya sensa: wazee wanaoishi peke yao, watoto chini ya miaka mitano, wazazi wasio na wenza, wasio na kazi, na kadhalika. Kata ni kubwa, ina vilima vya matajiri na mabonde ya maskini ndani yake, na mgonjwa fukara kwenye kata ya alama 29 hakuleta hata senti.

Njia ya nne: kumbukumbu za kituo chenyewe, au utafiti wa wagonjwa

Inahitaji nini. Kwa kumbukumbu, ruhusa: ama wewe ni wa kituo, ama una mkataba wa kutumia data. Programu zenyewe, EMIS Web na SystmOne, hutoa ripoti kwa misimbo ya SNOMED, mfumo wa kuandika taarifa za kitabibu kwa namba. Kwa asiye na ruhusa, kuna utafiti wa kila mwaka wa wagonjwa wa GP ambao kampuni ya utafiti ya Ipsos huufanya kwa niaba ya NHS, na matokeo yake hutolewa kwa kila kituo.

Inafanywaje. Kwenye kumbukumbu, chukua kwa kila mgonjwa msimbo wa mwisho wa asili ambao haukuandikwa "hakutaja". Kisha panga makundi yafanane na sensa kabla ya kulinganisha. Sensa ya 2001 ilikuwa na makundi 16, ya 2011 ikawa na 18, ya 2021 ina 19. Wachina walikuwa wakihesabiwa pamoja na "wengine" mwaka 2001, wakahamishiwa kwa Waasia 2011. Kumbukumbu nyingi za afya bado zinafuata mpango wa zamani, na usipowahamisha Wachina utaona "upungufu" wa Waasia usiokuwepo.

Inakosea wapi. Kwa wasioandikwa. Kijana mzima asiyefika kwa daktari miaka minne hana msimbo, wakati mama mjamzito anao. Asilimia ya "walioandikwa" kwa hiyo inaegemea wanaougua na wanaozaa. Ripoti lazima itaje wangapi hawana msimbo, la sivyo msomaji atadhani ni wote. Utafiti nao ni mdogo: watu laki saba hivi hujibu nchi nzima, sawa na majibu kama 110 kwa kituo. Kundi la asilimia 30 kwenye majibu 110 lina ukingo wa kosa wa karibu asilimia 9 juu na chini, na wanaojibu ni wazee zaidi kuliko wagonjwa wa kawaida.

Inamfaa nani. Kituo kinachopanga huduma zake chenyewe. Meneja mwenye kumbukumbu zilizojazwa vizuri akienda kukadiria kwa sensa anajitafutia kazi bure.

Kwa hali yako

Unatafuta wazungumzaji wa lugha moja mahsusi, tuseme Kiswahili: hakuna hata moja kati ya njia za sensa itakayokutosha. Kisanduku cha Mwafrika Mweusi kinamchukua Mkenya, Mnigeria na Msomali pamoja. Swali la lugha linataka lugha kuu moja tu, na anayetumia Kiingereza kazini huandika Kiingereza. Wabarawa wa London, wenye asili ya mji wa Barawa huko Somalia na wanaozungumza Chimiini, lahaja ya Kiswahili, nyumbani, wametawanyika kwenye visanduku vya asili ambavyo havikutajii lugha. Nenda kwenye lugha ya mkalimani iliyoandikwa kwenye kumbukumbu za kituo, au kwa vyama vya jamii husika.

Unaandika ombi la fedha kwa vituo vyote vya mji: njia ya tatu, ukieleza mwaka wa sensa, mwezi wa faili la NHS na wagonjwa wangapi hawakuunganishwa.

Unapima kama kituo kinaliacha nje kundi fulani: chora mpaka kwa njia ya pili, linganisha na kumbukumbu za njia ya nne. Usilinganishe ya pili na ya tatu peke yake ukahitimisha ubaguzi, kwa sababu zote mbili zinasoma sensa ileile.

Kituo ni cha wanafunzi, cha kidijitali, cha gereza au cha watu wasio na makazi: acha sensa kabisa. Wasio na makazi husajiliwa kwa anwani ya kituo au kwa postikodi ya bandia ZZ99 3VZ, na ukiwaweka kwenye wastani wenye uzito, ama watapotea, ama watageuka wakazi wa jengo la daktari.

Unalinganisha mabadiliko kati ya 2011 na 2021: tumia njia ya tatu miaka yote miwili, badilisha mitaa iwe ya mwaka mmoja, na ondoa vituo vilivyoungana au kubadilisha msimbo. Ukiviacha, utaona jamii nzima "ikihamia" ndani ya robo moja ya mwaka, kumbe ni mikataba miwili iliyofanywa mmoja.